Swichi Moja, Deshibodi Nzima

Eti swichi ya hazadi, ile ya taa za dharura kwenye deshibodi, ikizama ni kazi ya dakika tano! Dakika tano za nani? Za yule fundi wa chini ya mwarobaini, bisibisi bapa mkononi, anayeichokonoa kwa mbele kama anatoa funza. Swichi ile ina meno yaliyong'ata fremu. Inasukumwa kutoka nyuma. Nyuma hufiki mpaka fremu ya redio itoke. Fremu nayo haitoki vizuri gia ikiwa kwenye P, ile ya kuegesha, inagonga. Na ukishang'oa betri, gia ya otomatiki haitoki tena P kirahisi.

Kwa hiyo hendibreki juu, gia mpaka chini kabisa, zima swichi ya gari, halafu ndiyo spana namba 10 kwenye hasi ya betri. Subiri dakika tatu eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, ipoe hasira. Fundi anasubiri? Thubutu! Ana gari tatu foleni.

Halafu skrubu. Wajapani wanazificha kama vikoba vya bibi: nyuma ya kisahani cha majivu, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Usipoiona ukavuta, pembe inakatika kama kashata, maana plastiki imepikwa na jua la Kariakoo miaka 15. Ajabu, jua hilohilo la saa saba ndilo linalolainisha klipu. Asubuhi na mapema ndiyo zinavunjika. Tumia kibao cha plastiki, au zungushia bisibisi kitambaa, uinue kidogo kidogo klipu hadi klipu. Soketi ya nyaya unabonyeza ulimi wake kwanza. Kuvuta nyaya ni kutafuta fundi mwingine.

Klipu moja ya chuma ikidondokea ndani, basi umepata ngoma. Kila tuta, Mbagala hadi Posta, chwa-chwa-chwa. Ukiuliza, unajibiwa: "Bosi, gari hizi ndivyo zilivyo." Klipu yenyewe unaifuata Gerezani kwenye maduka ya vipuri, nauli imeizidi bei.

Haya, swichi mpya imeingia, unarudisha betri, hazadi zinawaka tik-tik, unatabasamu. Ila usiwashe gari kabla soketi zote hazijarudi, taa ya eabegi itakuganda. Kioo cha dirisha cha otomatiki kimesahau, kipandishe na ushikilie kitufe sekunde kadhaa. Na redio? Redio imeandika sentensi ndefu ya Kijapani: inadai kadi ya ramani. Ramani ya Japani, wewe uko Tandika.