Uandishi wa tenda na miongozo: wanaosema umekwisha wamepima upande mmoja

Vijana wengi wa Nairobi waliozoea kula kwa kalamu wanabishana kuhusu jambo moja: je, uandishi wa kiufundi na wa kibiashara, yaani mapendekezo ya zabuni, ripoti, miongozo ya mitambo na nyaraka za programu, unaweza kumlisha mtu hadi uzeeni? Wengi hujibu hapana bila kupepesa macho. Naona wanajibu upesi mno, ingawa hoja zao si za kupuuzwa.

Tuanze nazo. Novemba 2022 ChatGPT ilipotoka, wa kwanza kuumia ni wale waliokuwa wakiwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo kutoka vyumba vya kupanga vya Juja na Roysambu. Mwaka huohuo Uingereza ilikuwa imeshapitisha sheria ya kuharamisha biashara hiyo. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Hapa mjini, ambako miradi mingi ilikuwa na mtu wa kuandika maombi ya ufadhili na ripoti za kila robo mwaka, mikataba ilikatwa katikati. Huko Marekani kwenyewe, chama cha waandishi wa kiufundi, Society for Technical Communication, kilichoanza 1953, kilifunga milango mapema 2025. Mzazi akiyaona hayo yote, kisha amwambie mwanawe atafute kozi nyingine, nani atamlaumu?

Hata hivyo, tuangalie ni nini hasa kilichokufa. Insha ya kuuziwa mwanafunzi haikuwa na msomaji wa kuitumia. Ilisomwa mara moja, ikapewa alama, ikatupwa. Ikiwa na kosa, aliyeumia alikuwa mbali, na mwandishi hakujua. (Tena tusijidanganye: kazi yenyewe ilikuwa ya kumsaidia mtu kudanganya.) Kuipima taaluma nzima kwa soko hilo ni kuionea.

Chukua tenda za serikali. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inamtaka mwombaji atimize masharti yote ya lazima kabla hata ya uwezo wake kutazamwa. Cheti cha kodi cha KRA, mamlaka ya mapato, kiwe hai. CR12, yaani hati rasmi ya wamiliki na wakurugenzi wa kampuni, ionyeshe wakurugenzi wa sasa. Fomu ya zabuni ijazwe kama ilivyo na kutiwa sahihi na mtu aliyeidhinishwa. Kurasa zote zipigwe namba kwa mfuatano. Likikosekana moja kati ya hayo, kampuni huweza kuangushwa kwenye tathmini ya awali, na bei yake nzuri isitazamwe na yeyote.

Pita kwenye saiba, vile vibanda vya intaneti na uchapishaji, za katikati ya jiji jioni ya kuamkia siku ya kufungwa kwa tenda. Utamkuta kijana ameshika kimashine cha kupiga namba, tak, tak, tak, karatasi baada ya karatasi, na mwenye kampuni amesimama nyuma yake akitazama saa. Karatasi mbili zikishikana, ukurasa mmoja unabaki bila namba. Hakuna anayeliona hilo, kwa sababu tayari watu wanauliza kama sipairo ya kubana kitabu kinene imepatikana. Mtu huyo huenda ana tingatinga mbili na mafundi wa miaka mingi, lakini kesho yake anaweza kushindwa na mwenzake mwenye tingatinga moja na faili safi.

Kuna takwimu moja ambayo hainitoki akilini: asilimia 30. Hicho ndicho kiwango cha ununuzi wa serikali kilichotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hutajwa kwenye mikutano kana kwamba ni fedha zilizokwisha kuingia mfukoni. Lakini fikiria ni nani hasa analengwa. Ni kampuni ya watu watatu, iliyosajiliwa juzi, isiyo na idara ya tenda wala wakili. Sheria imewaondolea mzigo wa dhamana ya benki, wajaze fomu ya tamko badala yake. Basi fomu hiyo ya ukurasa mmoja nayo ndiyo inayosahaulika, au inatiwa sahihi mahali pasipo. Mlango umefunguliwa, ila kizingiti kimetengenezwa kwa karatasi, na waliofunguliwa mlango ndio wasio na mtu wa kuwaandalia karatasi. Ninapoambiwa kwamba hakuna soko la mwandishi wa biashara Nairobi, najiuliza asilimia 30 hiyo inaandikwa na nani.

Wapinzani watasema sheria hiyohiyo inaruhusu kasoro ndogo zisizogusa kiini cha zabuni kusamehewa, na kwamba aliyeonewa ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya bodi ya mapitio. Ni kweli. Watasema pia kwamba mfumo wa kielektroniki, ambao serikali ilianza kuusukuma 2025 hadi suala likafika mahakamani, utaondoa kupiga namba kwa mkono. Huenda. Ila haujui kwamba mkurugenzi mmoja alijiuzulu mwezi wa tatu na CR12 mliyo nayo ni ya zamani. Wala hautakokotoa upya jumla yenu: bei iliyosomwa siku ya kufungua zabuni ndiyo ya mwisho, hata ikiwa mlikosea kujumlisha. Programu ya kuandika itawapangia aya nzuri. Anayempigia simu mhasibu na kumwambia "hii haijumliki" ni mtu.

Kwenye miongozo ya mitambo hoja ni fupi zaidi. Soma maelekezo haya ya pampu: "Fungua kifuniko cha betri. Hakikisha umezima swichi kwanza." Sarufi haina kosa, Kiswahili ni safi, na mkulima anayesoma huku mikono ikiwa kazini atafungua kabla hajafika kwenye sentensi ya pili. Anayejua kazi huandika: "Zima swichi. Kisha fungua kifuniko." Ili kuliona hilo, lazima uwe umemtazama mtu akiitumia pampu.

Hapo ndipo nakubaliana nusu na wanaopinga. Kiingereza kizuri peke yake hakitoshi tena. Aliyekuwa akiandika kuhusu saikolojia Jumatatu na historia ya Roma Jumanne atapata taabu, kwa sababu hana uwanja anaoujua kwa ndani. Anayepata kazi ni aliyewahi kukaa kwenye duka la vifaa, karakana, benki au ofisi ya ununuzi, kisha akajifunza kuandika kilichomo. Kuna mainjinia wanaoandika vizuri wenyewe, nao hawahitaji msaada. Ni wachache.

Kinachowaangusha wengi ni malipo ya kuhesabu maneno, desturi waliyotoka nayo kwenye insha. Kwa hesabu hiyo, mwongozo wa kurasa 40 unalipa zaidi ya wa kurasa 12, ilhali wa 12 ndio mgumu kuandika na ndio fundi atakaousoma. Mwandishi anayekubali bei ya neno ameahidi kurefusha. Bora apange bei ya kazi nzima, na kwenye mkataba aandike ni masahihisho ya raundi ngapi yamo ndani ya bei hiyo, nani ndani ya kampuni atakayemjibu maswali ya kiufundi, na kwa muda gani. Mteja akikataa kumtaja mtu huyo, kazi hiyo iache: itakuwa ya kubahatisha, na lawama zitakuja kwako.