Makumbusho ya Kitante: nani mwenye vitu vilivyo nyuma ya kioo?

Juzi nilimpeleka mpwa wangu Makumbusho ya Uganda, pale Kitante jijini Kampala. Kwenye chumba cha ngoma alipigiwa adungu, aina ya kinubi, akafurahi sana. Lakini mbele ya kabati la hirizi tulimkuta mzee wa Kiganda amevua kofia, mkono mmoja kagusa kioo, ananong'ona. "Mjomba, anaongea na nani?" mtoto akauliza. Nikakosa jibu.

Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1908 kwenye ngome ya Lugard, afisa wa kikoloni wa Kiingereza, huko Old Kampala, na Baganda wakayaita Enyumba y'Amayembe. Sisi wa Kiswahili tusidhani ni maembe ya kula. Mayembe kwao ni pembe zinazokaliwa na mizimu. Jina hilo linaonyesha kwamba tangu mwanzo watu waliona humo vitu vyenye wenyewe, vilivyohamishwa makazi.

Chukua Kibuuka, mzimu wa vita wa Buganda. Masalia yake, pamoja na mfupa wa taya, yalitoka kwenye hekalu lake huko Mawokota; mmisionari John Roscoe akayapeleka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Yalirudi mwaka 1962, mwaka wa uhuru, ila hayakurudi Mawokota. Yaliishia makumbusho.

Wanaotetea makumbusho wana hoja nzito, na mimi siipuuzi. Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya makabaka, yaani wafalme wa Buganda, huko Kasubi, mahali palipokuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Nyasi na miti hukauka, na moto ukishika hausubiri mtu. Tena mtoto wa Gulu au Mbarara ataionaje historia ya wenzake kama kila ukoo utafungia vyake ndani?

Hata hivyo, usalama peke yake haumpi mtu umiliki. Mwaka 2024 Cambridge ilileta Kampala vitu 39 vya Uganda, na wengi tulishangilia. Vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu, unaoweza kuongezwa. Mtu akikuazima chungu cha bibi yako, utamshukuru kwa lipi hasa? Inaniuma, lakini naona Kampala nayo inaweza kuwatendea wenye koo hivyohivyo: vitu vimerudi nchini, bado havijarudi nyumbani.

Kwa maoni yangu vibaki Kitante, kwa sababu pale vina paa na walinzi. Ila wazee wa koo washirikishwe kuamua kipi kioneshwe na kipi kifunikwe, na siku ya tambiko kabati lifunguliwe, kitu kitolewe, kirudishwe jioni. Hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji mkataba na ufunguo.

Tulipotoka tulimkuta yule mzee langoni, anavaa kofia yake. Mkononi alikuwa na kipande cha tiketi, sawa na kile cha mpwa wangu.