N ya Nje, N ya Ndani

Kabla hamjaendelea kusambaza kwenye magrupu ile sauti ya shemeji yangu, kwamba nilikwenda kumpokea mama mkwe nimelewa, nisikilizeni na mimi mwenye gari. Sikulewa. Narudia kwa walioko nyuma: sikulewa. Povu lililokuwa kwenye boneti halikuwa bia, wala jogoo hakuzimia kwa harufu. Jogoo yupo hai, amefungwa mguu kwenye mwembe hapa uani, na ninapoandika haya ananitazama kwa dharau.

Wengi mnanijua kwa kazi yangu ya kuosha na kung'arisha magari. Masika ikiingia, nusu ya wateja wanafuata kitu kimoja tu: dawa ya kioo. Ukishaipaka, maji ya mvua hayatandai tena, yanajikunja yanakuwa gololi, na gari likishika spidi ya 60 au 70 upepo unazisukuma zinapanda juu zenyewe, waipa unazisahau. (Kwenye foleni ya Mwenge hakuna upepo wa kusukuma gololi yoyote. Utawasha waipa kama wenzako. Hilo huwa namwambia mteja kabla hajatoa hela, msije mkasema nilificha.)

Sasa mnielewe kuhusu chupa, maana kesi nzima ipo kwenye chupa.

Dawa ya nje ni silikoni iliyoyeyushwa kwenye spiriti, na ndani yake mna asidi kidogo sana. Spiriti inaruka, asidi inaisaidia silikoni kung'ata kioo, na kinachobaki ni ngozi nyembamba ambayo maji hayataki hata kuigusa. Dawa ya ndani ya gari ni kinyume chake kabisa. Ile kazi yake ni kuzuia ukungu wa pumzi, kwa hiyo inatakiwa iyafanye maji yatandae, yasisimame vitone vitone. Mimi ya ndani huwa natengeneza mwenyewe: kijiko kimoja cha chakula cha shampuu ya watoto kwenye nusu lita ya maji safi. Unapulizia kidogo, unasugua mpaka kioo kinarudi kung'aa, basi.

Zote mbili nanunua au natengeneza kwa wingi, halafu nazigawa kwenye chupa ndogo za kupulizia. Chupa zinafanana. Rangi ya dawa zenyewe inafanana, zote kama maji. Ndiyo maana mwezi uliopita, kwa akili zangu timamu, nilichukua maka nikaziandika ili zisichanganyike. Ya nje nikaiandika N. Ya ndani nikaiandika N.

Chekeni, nawasubiri.

Jumamosi mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Moshi. Basi lilitarajiwa Stendi ya Magufuli kule Mbezi saa kumi na mbili jioni, na mke wangu alishasema mara tatu kwamba gari linuke vizuri. Mchana nikaiingiza IST yangu kivulini, maana dawa hii haipakwi juani. Kioo kikiwa cha moto spiriti inaruka kabla silikoni haijashika, unabaki na madoa ya maziwa. Nikaosha. Nikapitisha klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu, kwenye kioo cha mbele mpaka kiganja kikateleza bila kukwama. Madoa ya maji ya chumvi nikayasugua kwa unga wa kung'arishia vioo, ule wa seriamu, dakika kumi. Nikafuta kwa spiriti ya asilimia 70. Nikamwaga maji kujaribu: yakatanda kama shuka, hayakuacha kisiwa hata kimoja. Kioo kinachotandaza maji hivyo ndicho kisafi, hapo dawa itashika. Vijana wangu nawafundisha hivi kila wiki, kwa sauti kali.

Halafu nikanyoosha mkono nikachukua N.

Kwa kawaida pua ingeniokoa. Dawa ya nje inanuka spiriti, ya ndani inanuka mtoto mchanga. Lakini nilikuwa na mafua ya masika, pua zote mbili zimeziba kama mtaro wa Jangwani. Nikapaka nje kwa miduara, mkono wa kwanza, nikasubiri dakika kumi ikauke itoe ule weupe wake. Haikutoa weupe, ilitoa mistari. Nikasema ni unyevu wa hewa. Nikapaka mkono wa pili. Nikapaka na wa tatu, kwa heshima ya mama mkwe. Nikafuta juu juu tu, nikaogopa kuitoa dawa.

Ndani nikachukua N nyingine. Hiyo ikakauka mbio na kutoa weupe mzuri kabisa. Nikasema ni vumbi la dashibodi. Nikaufuta, nikapaka tena ili ukungu usithubutu. Kitambaa kilicholowa nikakisokomeza chini ya kiti cha mbele, nikapandisha vioo vyote mvua isiingie.

Na chupa ya kwanza ilikuwa imebaki kama robo lita. Nikaimimina kwenye tangi la maji ya waipa. Hata kama ingekuwa dawa sahihi, hapo tayari ni kosa. Dawa ya kupaka si ya tangi, ya tangi inauzwa peke yake. Lakini siku ya kufa nyani.

Kipimo cha mwisho, kile cha kumwagia maji kioo kilichopakwa uone kama gololi zinajikunja, sikukifanya. Mke wangu alipiga simu kwamba basi limeshapita Kibaha.

Nikampitia shemeji, mdogo wake mke wangu, anisaidie mizigo. Alipoingia tu akasema, "Shem, humu pananuka kama wodi." Nikamwambia ni usafi.

Mama akashuka na mkungu wa ndizi, begi, na tenga lenye jogoo, vyote vimelowa kwa manyunyu ya stendi. Shikamoo mama, marahaba baba, za safari, tunamshukuru Mungu. Akakaa mbele. Akavuta pumzi. Hakusema kitu, lakini mkono wake ulikwenda kwenye rozari.

Tulivyotoka Mbezi mambo yalikuwa shwari. Kufika Temboni, mvua. Si manyunyu, ni ile mvua ya Dar inayomwagwa kwa ndoo. Nikatabasamu. Nikamwambia mama, "Angalia kioo sasa." Mungu ni shahidi, ndivyo nilivyosema.

Sasa hapa twende taratibu, maana shemeji alipapita mbio.

Maji yalipiga kioo yakatanda. Gololi hakuna. Nikawasha waipa, zikapita kimya kabisa. Waipa kwenye kioo chenye silikoni, mpira wake usipokuwa msafi, huwa unarukaruka na kulia kama mlango wa choo, kwa hiyo ule ukimya nikausifia. Mkono wa pili wa waipa ukaacha mstari mweupe. Wa tatu ukaacha utepe. Wa nne, ndugu zangu, ukaacha povu. Mikono mitatu ya shampuu ya watoto ambayo haikufutwa, na waipa mbili zinaipiga mara arobaini kwa dakika. Hata mashine ya kufulia haina bidii hiyo.

Nikafanya kile ambacho dereva yeyote mwenye akili angefanya kioo kikichafuka. Nikavuta maji ya waipa.

Mnakumbuka kilichokuwemo kwenye tangi.

Povu likajaa, likapanda mpaka ukingo wa paa, likashuka kwenye boneti, likawa linapeperuka pembeni vipande vipande. Bodaboda mmoja aliyekuwa sambamba nasi alipangusa kofia yake, akanitazama, akapunguza mwendo akabaki nyuma. Mama akauliza kwa upole, "Baba, gari linaumwa?"

Wakati huo huo ndani nako kunafunga. AC yangu haina gesi tangu Januari, feni inapuliza unyevu ule ule. Humo kuna watu watatu wamelowa, ndizi, na jogoo anayehema kwa hofu. Kioo kimepoa kwa mvua, pumzi zikikigusa zinageuka maji. Kioo cha kawaida kingepata ukungu ambao ungeufuta kwa kitambaa ukaondoka. Changu kilikuwa na silikoni upande wa ndani. Ukungu haukutanda, ulisimama vitone vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja mviringo, kila kimoja lenzi. Lori likaja upande wa pili na taa zake za juu. Taa mbili zikawa taa elfu mbili. Sikuona barabara. Niliona harusi ya Kihindi.

Mama akatoa khanga akaanza kunifutia. Anafuta kulia, kushoto kunarudi. Anafuta kushoto, kulia kunarudi. Huku anasali, nasikia "utuombee sisi wakosefu" kila khanga ikipita mbele ya macho yangu. Nikashusha kioo cha mlango, nikatoa kichwa nje nikawa naendesha kama mtu wa treni, povu linanipiga usoni. Nyuma kimya. Sikujua kwamba shemeji ameshika simu.

Kabla ya Kimara Mwisho, tochi. Mkono. Kando.

Afande alikuja na koti lake la mvua, akasimama mbele ya gari, akapitisha tochi kwenye boneti polepole kutoka taa ya kushoto mpaka ya kulia. Akachota povu kwa kidole. Akalitazama. Akaja dirishani.

"Dereva, unafua?"

Kisha akainamisha kichwa ndani ya gari. Kile kitambaa chini ya kiti kilikuwa kimeiva vizuri, vioo vimefungwa mpaka nilipotoa kichwa nje. Nikamwona afande anavuta pumzi, anairudisha, anaangalia macho yangu mekundu ya mafua. Akamgeukia mama. "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba, akaweka mkono begani kwangu, na kwa sauti ya mzazi aliyeshakubali hali akasema, "Mwambie ukweli baba. Kuanguka si mwisho."

Nilijaribu kueleza. Nikasema afande, hii ni silikoni, inaacha ngozi kwenye kioo, sasa hii ya nje ilikuwa ndani na ya ndani ndiyo ipo nje. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mlevi. Nikasema kosa ni N. Akauliza N ndiyo kinywaji gani. Pua zimeziba, kwa hiyo "nje" inatoka "dje", na "ndani" inatoka "dadi". Nyuma jogoo akawika. Saa moja na nusu usiku, akawika.

Kipimo kikaletwa. Nikapuliza, kikasoma sifuri. Afande akakitikisa, akaniambia rudia. Sifuri. Akasema na mama naye apulize.

Mama mkwe wangu alipuliza kipimo cha ulevi pembeni ya Barabara ya Morogoro huku ameshika rozari. Sifuri. Hiyo sehemu shemeji hakuiweka kwenye sauti yake, na nina imani mnaelewa kwa nini imeniuma kuliko zote.

Yaliyobaki ni mafupi. Tukaburuzwa mpaka sheli, nikamwagia kioo ndoo nne za maji matupu, nikaondoa kitambaa, nikapasua fulana yangu ya ndani kuwa dasta, tukafika nyumbani saa nne. Mama alisema hana njaa.

Jumapili nikakaa na kioo. Kwa wenye tatizo kama langu: silikoni iliyoshika upande wa ndani haitoki kwa spiriti peke yake, unajidanganya. Inatolewa kwa unga ule ule wa seriamu, maji kidogo, sifongo, na mkono. Funika dashibodi kwanza kwa taulo maana unadondoka kila mahali. Ilinichukua saa mbili na shingo imekakamaa mpaka leo. Ingekuwa ni kioo cha nyuma ningelia, kwa sababu kule upande wa ndani kuna zile nyaya nyembamba za kupashia joto, ukisugua umezikata. Usiguse kabisa, kule futa kwa kitambaa laini kufuata mistari yake. Tangi la waipa nililifungulia bomba lake nikalimwaga, nikajaza maji na kumwaga mara tatu, na bado juzi lilitema puto moja.

Chupa sasa zimeandikwa upya. Moja MVUA, nyingine PUMZI. Aliyeandika ni mama mkwe, kwa mwandiko wake wa ualimu, hakuniachia maka.

Na leo asubuhi kaja mteja mpya na Noah yake. Nikamweleza dawa, silikoni, kivuli, mikono miwili, inakaa miezi miwili mitatu kama huoshei sabuni kali. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na ile ya povu ni shilingi ngapi?"