Mlango Mmoja kwa Tovuti Zote: Je, Proksi Yafaa Kuwa Meza ya Kazi?

Katika saiba moja ya mtaa wa Langoni, kisiwani Lamu, kijana anayehudumia wateja hufungua ukurasa mmoja tu asubuhi, na kutwa nzima haondoki humo. Ukurasa huo ni proksi ya wavuti, yaani tovuti inayokufungulia tovuti nyingine kwa niaba yako: una kisanduku cha kuandikia anwani, na ndani yake yeye husoma barua pepe na magazeti, huingia kwenye mitandao ya kijamii, na hata huwajazia wateja fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Proksi za namna hii zilizoeleka kama njia ya kukwepa kizuizi kwa dakika chache, lakini kwake imekuwa ndiyo meza ya kazi. Hoja anazozitoa kuitetea si nyepesi.

Kwanza, kompyuta anazozitumia ni za zamani na mwenye duka haruhusu programu mpya kuwekwa, ilhali proksi haihitaji kuwekwa popote. Tena ile anayoitumia huhifadhi vichupo, yaani kurasa alizozifungua, kwenye seva, hivyo kompyuta moja ikigoma, huhamia ya pili na kuendelea alipoachia. Pili, kuna suala la bando. Opera Mini, tuliyoifahamu kwenye simu za vitufe tangu katikati ya miaka ya 2000, ilijengwa juu ya wazo hilihili, kwamba seva iuchukue ukurasa, iubane, kisha iutume ukiwa mwepesi. Hapa lakini lazima tutofautishe, kwa sababu proksi nyingi za wavuti hazibani chochote. Huupitisha ukurasa kama ulivyo na kuuongezea msimbo wao. Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Mnamo Novemba 2023, na tena Novemba 2024, watumiaji wengi nchini Kenya walishindwa kuifikia Telegram wakati wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, na mfanyabiashara ambaye wateja wake wako humo hakuwa na kosa lolote katika habari ya mitihani. Kwa mtu kama huyo, proksi ni msaada wa kweli.

Tatizo linaanzia kwenye jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Katika matumizi ya kawaida ya tovuti yenye usimbaji fiche, ujumbe hufungwa kwenye kompyuta yako na kufunguliwa kwenye seva ya tovuti unayoitembelea. VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine, haigusi mpango huo. Anayeitumia ni kama aliyempa nahodha wa boti ya Mokowe bahasha iliyofungwa: nahodha anajua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, ila yaliyomo hayajui. Proksi ya kawaida ya wavuti ni mfano wa karani anayepokea barua ikiwa wazi, akaisoma, akainakili kwa mwandiko wake, kisha akaifunga katika bahasha yake mwenyewe na kuipeleka. Nywila, namba ya kitambulisho na PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), vyote hupita mikononi mwake vikisomeka. Zipo proksi mpya zinazofanya usimbaji ndani ya kivinjari chenyewe ili seva ibebe tu kilichokwisha kufungwa, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini msimbo wa kufanya hivyo huletwa na mwenye proksi kila unapoufungua ukurasa, kwa hiyo unayemwamini ni yuleyule. Naye mara nyingi ni mtu asiyejulikana jina, anayelipia seva kwa fedha ambazo wewe hujamlipa.

Kuna madhara mengine yanayotajwa kwa nadra, nayo ni mazoea ya macho. Mzee mmoja aliyekuja kuomba pasipoti aliinama mbele ya skrini, akaisoma ile anwani ndefu iliyo juu, akauliza, “Mwanangu, hii ndiyo serikali yenyewe?” Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Ndani ya proksi, benki, serikali na gazeti vyote huonekana chini ya anwani moja, na alama ya kufuli, pale inapoonekana, hushuhudia tu kwamba umeunganishwa salama na proksi. Kihifadhi nywila cha kivinjari, ambacho kwa kawaida hukataa kutoa nywila anwani ikiwa si ile inayoijua, hapa hakina cha kulinganisha. Kwa hiyo anayefanya kazi humo kila siku hujizoeza kutoitazama anwani, nalo ndilo zoea ambalo matapeli wa mtandaoni hulitegemea.

Vidakuzi, zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari, navyo huishi chini ya paa moja. Kivinjari hutenganisha tovuti kwa kuangalia anwani zao, na zote zikiwa na anwani moja, ukuta huo unabaki kuwa kazi ya msimbo wa proksi, ambao huenda ukaujenga vizuri au vibaya. Kasi nayo haina uhakika: tovuti iliyohifadhiwa Nairobi ikifunguliwa kupitia seva iliyoko Ulaya, data huvuka bahari na kurudi kwa safari isiyokuwa na haja.

Kwa maoni yangu, mpaka uwekwe pale penye nywila. Kusoma habari, kutafuta bei au kufungua ukurasa uliozuiwa ni mambo ambayo proksi inayafaa, kwa kuwa kinachoweza kuonekana ni kile ulichosoma tu, ingawa hata hilo si dogo kwa kila mtu. Penye kuingia kwenye akaunti, hasa akaunti ya mtu mwingine, hukumu hubadilika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde, na inaweka masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Mzee yule alimkabidhi kijana kitambulisho chake, hakumkabidhi karani asiyemjua.

Nilipomweleza hayo, kijana alikubali kuzifungulia fomu za wateja dirisha la kawaida, nje ya proksi. Barua pepe yake mwenyewe ameiacha kulekule, kwa sababu, anasema, vichupo vyake vyote viko huko.