Nyumbani hakuna leseni ya kuzalisha mbwa, ndiyo sababu ya kusita zaidi

Ukiwasikiliza watu wa nyumbani, Uingereza mbwa ana sheria nyingi kuliko mwenye mbwa, ilhali kwetu ukiwa na jike na dume mambo yamekwisha. Kuhusu sheria, ni kweli. Hapa England, ukizalisha mara tatu au zaidi ndani ya miezi 12 na kuuza watoto, lazima uwe na leseni ya halmashauri. Mwenye leseni haruhusiwi kupandisha jike ambaye hajafika mwaka mmoja, wala kumzalisha zaidi ya mara sita maishani. Mtoto hauzwi kabla ya wiki 8, na tangu Aprili 2020 madalali hawaruhusiwi kuuza mbwa wa chini ya miezi sita.

Lakini sheria hizo hazimsaidii jike aliyekwama na uchungu saa nane usiku. Anayemsaidia ni daktari wa mifugo mwenye chumba cha upasuaji, na huyo nyumbani mara nyingi yuko mbali au hapatikani. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, asiyedaiwa leseni yoyote ndiye anayepaswa kujiuliza mara mbili.

Mimba ya mbwa ni takriban siku 63. Kuanzia siku ya 58, mpime joto asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au majimaji ya kijani yakitangulia mtoto wa kwanza, ni dharura: rangi hiyo ina maana kondo limeanza kubanduka. Hapo ndipo wengine hukimbilia sindano ya oksitosini, dawa inayoukaza mfuko wa uzazi ili usukume. Lakini mtoto akiwa ameziba njia, mfuko huo unaweza kupasuka.

Kosa jingine hufanywa kwa nia njema kabisa: kumpa jike vidonge vya kalsiamu akiwa na mimba. Mwili huzoea kupokea na kuacha kuitoa mifupani, kisha maziwa yanapopamba moto, wiki mbili hadi nne baada ya kuzaa, jike anaanza kutetemeka na kupata degedege. Chakula bora cha watoto wa mbwa kinamtosha.

Halafu kuna hili la kuazima dume la jirani. Pale mbwa wanaporandaranda, kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama. Huku England ni nadra. Hutibika kwa sindano za kila wiki za vinkristini, dawa ya saratani, lakini dume akitoa matone ya damu, mkatae. Na mbwa wa mbegu mwenye cheti cha ukoo bado anahitaji eksirei ya nyonga baada ya kutimiza mwaka. Cheti kinataja wazazi, hakisemi kama wanachechemea.

Mwenye mbwa wa kulinda au wa kufuga tu, sioni kwa nini azalishe. Kama huna nyumba za uhakika za watoto kabla ya kupandisha, na hauko tayari kumpokea tena atakayerudishwa, mfunge jike uzazi. Subiri miezi miwili hadi mitatu baada ya joto, yaani siku zake za kutaka dume, kwisha. Akiwa kwenye joto mishipa ya uzazi huwa imejaa, na upasuaji hutoa damu nyingi.