Huruma wanayo, habari hawana

Eti mchezo wa kuigiza kuhusu waomba hifadhi wanaozuiliwa Uingereza ni kazi bure, kwa kuwa wanaokwenda kuutazama ni walewale wenye huruma tayari. Sikubaliani. Huruma wanayo, habari hawana. Nilikuwa ukumbini kwenye onyesho moja la namna hiyo, mwigizaji anauliza tu "natoka lini?" na sauti nyuma ya pazia inajibu "utaarifiwa". Mara ya saba hivi watu wakaacha kucheka. Mama aliyeketi kando yangu akaninong'oneza: kwani huyu kahukumiwa miaka mingapi? Hajahukumiwa, mama. Mfungwa wa jela aghalabu anaijua siku yake ya kutoka, lakini sheria ya Uingereza haiweki kikomo cha jumla cha kumzuilia mtu kwa sababu za uhamiaji; wajawazito waliwekewa kikomo cha saa 72 mwaka 2016, nazo zaweza kufika wiki moja kwa idhini ya waziri. Nilishayasoma hayo zamani, hayakunikaa. Kinachonikera mimi ni kumpandisha jukwaani aliyezuiliwa mwenyewe, aulie mkasa wake upya kila usiku. Nyie mnaonaje, asimulie mwenyewe au waigizaji wambebee?