Nani Alishika Ufunguo Mkuu wa Mfumo?

Katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tabora, ambacho nilikitumikia kwa miaka kadhaa kama mjumbe wa kamati ya usimamizi, nywila ya akaunti kuu ya mfumo iliandikwa kwa kalamu ya bluu ndani ya jalada la daftari la mahudhurio. Watu watano waliijua: afisa TEHAMA, meneja, mhasibu, karani wa mikopo, na kijana wa kampuni iliyotuuzia programu, ambaye aliingia kwenye mfumo akiwa Dar es Salaam kila tulipokwama. Akaunti hiyo iliweza kubadili salio la mwanachama yeyote, kufuta muamala, na kufuta hata kumbukumbu za mfumo wenyewe. Tulipopendekeza iwekewe udhibiti, yaani utaratibu wa nani aitumie na lini, afisa TEHAMA alisimama kikaoni akasema, "Waheshimiwa, mkininyang'anya ufunguo mbele ya watu, mtaani nitakuwa nimeshaitwa mwizi."

Pendekezo likawekwa kiporo, na sikumlaumu. Mji wetu ni wa kufahamiana, na jina la mtu likichafuka Jumatatu, Ijumaa limefika Urambo. Tena hoja za upande wake hazikuwa za hisia tu. Msimu wa malipo ya tumbaku, wakulima wanapokaa kwenye mabenchi tangu alfajiri na mfumo ukagoma, hakuna anayetaka kusikia kwamba idhini inasubiriwa kutoka kwa meneja aliye safarini. Programu kubwa za kuhifadhi nywila na kurekodi kila kazi ya msimamizi zimebuniwa kwa taasisi zenye mafundi wengi. Chama chenye afisa mmoja kinaweza kujikuta kinalipia ada ya mwaka kwa kitu kisichotumika. Na programu hiyo ni kama kasiki lenye funguo zote: likivunjwa, au likigoma umeme ulipokatika, hasara ni moja kwa wote.

Lakini miezi minane baadaye mwanachama mmoja, mama mwenye genge, alikuta salio lake limepungua. Tulifungua kumbukumbu za mfumo. Mstari uliohusika ulionyesha tarehe, saa 4:12 usiku, na jina la aliyefanya kazi hiyo: "admin", yaani ile akaunti kuu ya wote watano. Basi. Afisa wetu usiku huo alikuwa msibani, na watu walimwona, lakini ushahidi huo haukumfaa kitu, kwa sababu akaunti ile iliweza kufunguliwa kwa simu ukiwa popote. Akasimamishwa kazi. Wale wanne wengine nao hawakuweza kusafishwa, ila wao hawakuitwa "mtu wa kompyuta", kwa hiyo macho yakabaki kwake. Chama kilimrudishia mama fedha zake. Jina la afisa wetu hatukuwa na namna ya kumrudishia, na hadi leo sijui kama alikuwa na hatia.

Hapo ndipo ninapoona suala hili linaeleweka kinyume. Tunazungumza kana kwamba udhibiti wa akaunti zenye mamlaka makubwa ni kamba ya kumfunga msimamizi wa mfumo, wakati yeye ndiye mtu wa kwanza anayeuhitaji. Akaunti ya pamoja humtia mwaminifu na mkosaji katika gunia moja, na humtoa kwanza yule aliye karibu na mdomo wa gunia. Afisa wetu angekuwa na akaunti yenye jina lake, inayodai uthibitisho wa pili kwenye simu yake, na kumbukumbu zinazopelekwa kwenye mashine asiyoweza kuifikia, angetuonyesha karatasi moja tu na kurudi kazini kesho yake.

Hofu ya kumtegemea mtu mmoja nayo si ya vyama vidogo peke yake. Mwaka 2008 jiji la San Francisco, Marekani, lilishindwa kuusimamia mtandao wake kwa siku 12 kwa sababu mhandisi Terry Childs alikataa kutoa nywila, hadi alipompa Meya Gavin Newsom mwenyewe. Na akaunti iliyosahaulika nayo ni hatari: mwaka 2021 wadukuzi waliingia Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, kupitia akaunti ya zamani isiyotumika tena, ambayo haikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Kwetu akaunti za namna hiyo ni za karani aliyehama na za fundi aliyemaliza mkataba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitawauliza hao, itakiuliza chama.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuanza na programu ya gharama. Zihesabiwe kwanza akaunti zote zenye mamlaka, pamoja na za ruta (kifaa kinachounganisha ofisi na mtandao) na za nakala rudufu za taarifa, ambazo mara nyingi bado zina nywila za kiwandani. Afisa awe na akaunti ya kazi za kila siku, mbali na ile ya usimamizi. Kijana wa Dar es Salaam afunguliwe mlango kwa saa alizoomba, kisha ufungwe. Na kwa siku ambayo wakulima wapo kwenye mabenchi na meneja hapatikani, nywila ya dharura ikae kwenye bahasha yenye lakiri ndani ya kasiki la fedha, ifunguliwe mbele ya watu wawili, saa na sababu ziandikwe, na nywila hiyo ibadilishwe kabla ofisi haijafungwa.